Mlozi wa Velika

Ukimwuliza Velika Tsonkova njia ya kwenda ziwani, hakuonyeshi. Atakutazama viatu, atamtazama uliyekuja naye, kisha atakuelekeza pengine kabisa.

"Ziwa halina miguu," husema. "Utalikuta hata kesho. Lakini maua ya urujuani yaliyo nyuma ya jukwaa la muziki yanakwisha Jumamosi. Pita kule kwanza, halafu ndiyo ushuke kwenye mashua."

Na watu hutii, hilo ndilo linalonishangaza. Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye kibanda changu hapa lango kuu la Bustani Kubwa, nikiuza mbegu za alizeti, mahindi ya kuchemsha na maputo, na nimewaona kwa macho yangu: kanali mstaafu, bibi harusi aliyechubuliwa na viatu, mwalimu na watoto arobaini waliokuja kuona nyumba ya darubini, wote wamegeuzwa njia na mwanamke mfupi mwenye buti za mpira za kiume na mkasi wa kupogolea kiunoni. Huondoka wakinung'unika. Wakirudi, hununua mbegu kwangu na kuniuliza yule mama ni nani. Ofisi ya bustani iliwahi kusimamisha ramani kubwa ya rangi karibu na kibanda changu. Watu huisoma, hukuna kichwa, halafu huenda kumwuliza Velika.

Alizaliwa katika bonde la mawaridi, chini ya mlima, kwenye ukoo ambao mwezi Mei mzima huamka kabla ya jua kuchuma maua ya kukamuliwa mafuta. Anasema alipokuwa binti aliyachukia mawaridi kuliko kuoga maji baridi. Akaolewa, akaja mji mkuu, Sofia, akapata kazi bustanini akiwa na miaka ishirini na minne, na wakampa nini? Mawaridi. Sasa ni mwaka wa thelathini na nane. Ana aina mia moja na arobaini, kila moja na kibao chake cha Kilatini, na sijamsikia akizitaja kwa Kilatini hata siku moja. Lile la manjano lenye miiba ni Mke wa Hakimu. Lile jeupe linalochanua leo na kupukutika kesho ni Ahadi ya Mchumba. Kuna jekundu moja nene, gumu, linalochanua mpaka theluji ya kwanza. Hilo ni Bibi Tota, kwa jina la kondakta mstaafu wa tramu ambaye huja kila siku na chupa yake ya chai. Bibi Tota mwenyewe hajaamua bado kama amesifiwa au ametukanwa.

Mumewe, Stamen, alikuwa mtunza mashua ziwani. Mchana walikula pamoja kwenye ngazi za gati, mkate na jibini na pilipili za kuchoma, hawasemezani neno, na sijawahi kuona kimya kilichoshiba namna ile. Alifariki miaka tisa iliyopita kwa ugonjwa wa mapafu. Velika alichukua likizo ya siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta anapogoa, nikamwendea kumpa pole, akaniambia nimesimama juu ya mche. Nilikasirika kweli. Halafu nikatazama chini, na kweli nilikuwa nimeukanyaga.

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Watu wa mji huu hutembea humu Jumapili na watoto mabegani wakidhani bustani huota yenyewe kama ndevu. Mimi najua imeundwa na mikono gani, maana nimeiona ikivuja damu. Nampenda mama huyu na ninamheshimu, na mke wangu anajua.

Ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu, nao ulikuja kila Machi. Machi kwetu ni ajuza, Bibi Marta, hasira zake hazina taarifa: asubuhi anacheka, mchana anamwaga theluji. Ndiyo maana tarehe mosi kila mtu hufungwa martenitsa mkononi, uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa, awe na afya mwaka mzima. Unauvaa hadi uone korongo wa kwanza au mti wa kwanza uliochanua. Hapo unauvua na kuufunga kwenye tawi, na ombi lako linabaki pale. Sasa, mti unaotangulia kuchanua katika mji wetu wote ni mlozi mkongwe ulio kando ya bwawa la yungiyungi. Ikifika tarehe ishirini hujui maua ni yapi na nyuzi ni zipi.

Zamani nyuzi zilikuwa za sufu. Mvua na theluji za miaka miwili zilitosha kuziozesha. Kisha ikaja nailoni, inayong'aa na ya bei rahisi, na kabla mtu mwingine hajanisema, nitajisema mwenyewe: mimi ndiye niliyeiuza.

"Pencho, wewe ni muuaji," Velika aliniambia kila mwaka, amesimama mbele ya kibanda changu mikono kiunoni.

"Mimi ni mfanyabiashara."

"Muuaji mwenye kibanda. Uza sufu!"

"Watu wanataka inayong'aa."

"Watu wanataka mengi. Wewe huna akili za kuwakatalia?"

Nailoni haiozi. Tawi linanenepa, uzi haunenepi. Mwaka wa pili unaingia kwenye gome, mwaka wa tatu tawi linakauka kuanzia ncha. Kikulacho ki nguoni mwako. Na mti ule ulikuwa unauawa na maombi ya afya. Basi Velika akajitwika kazi ambayo hakutumwa. Kila alfajiri, kuanzia maua yalipoanguka, alipanda ngazi na kuzifungua nyuzi moja moja. Hakuzitupa. Alizibeba kwenye ndoo hadi ng'ambo ya bustani, nyuma ya nyumba ya vioo, kwenye kichaka cha plamu mwitu alichokipanda mwenyewe, na kule akazifunga upya, zote, kwa fundo legevu ambalo kidole kinapita. Nilimwuliza mara moja kwa nini asizichome.

"Hii mtu amemwombea mama yake," alisema. "Nimchome mama wa mtu?"

Tuliojua habari hiyo tulikuwa wawili, mimi na mhandisi Kapinchev, mkuu wa watunza bustani, ambaye alijifanya haoni. Lakini majira ya baridi yaliyopita tawi nene kama paja lilianguka kutoka kwenye mlozi ule, likavunja benchi. Hapakuwa na mtu. Machi ilipoanza Kapinchev akachora msalaba mweupe kwenye shina, akamwita Velika, nami nikiwa pale.

"Dada Velika, nimekupigania nilivyoweza. Ijumaa ya mwisho ya mwezi, mtaalamu atakuja. Akiukuta msafi, tutaukatia matawi makavu tu na kuupa dawa. Akiukuta na uzi hata mmoja, hatahangaika nao. Jumatatu yake ni msumeno."

"Ijumaa ya mwisho? Maua yatakuwa bado yako juu. Watu watakuwa bado wanafunga."

"Najua."

"Hujui. Ungejua ungesema Mei."

Lakini Kapinchev hakuwa na Mei ya kumpa. Kwa hiyo mwaka huu, kwa mara ya kwanza, Velika alilazimika kuvua nyuzi wakati mti bado umechanua. Jumatatu ya wiki ile ya mwisho, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa juu ya ngazi, alisikia mtu akipiga kelele chini.

Alikuwa mwanamke kijana, Rositsa, mshonaji wa mtaa wa pili kutoka langoni. Nilimjua, alikuwa akinunua mahindi kwangu akiwa na tumbo. Mtoto wake alikuwa amezaliwa kabla ya miezi yake, Februari, na alikuwa bado hospitalini ndani ya kisanduku cha kioo. Wauguzi hawakuruhusu uzi wowote uingie mle. Basi mama akauvaa yeye kwa niaba ya mtoto, na mlozi ulipochanua akaja kuufunga. Kila asubuhi akielekea hospitali alipitia bwawani kuutazama. Asubuhi ile aliukuta mkononi mwa Velika.

"Mwizi!" Sauti yake ilifika mpaka langoni, nikaacha sufuria ya mahindi nikakimbia. "Mwizi wa afya! Huo ni wa mwanangu!"

"Mwanangu, ngoja nikueleze..."

"Mimi si mwanao! Urudishe!"

Velika alishuka. Hakuwa mtu wa kufokewa na wageni, lakini siku ile alijishusha mpaka nikamshangaa. Aliurudisha uzi tawini mbele ya macho yake. Kisha akamwomba wafuatane, akaone anakozipeleka. Wakapita kati ya mawaridi yaliyofunikwa majani makavu, wakapita mashua zilizopinduliwa, saa ya jua, jukwaa la muziki, nami nyuma yao nikihema. Velika, hata katika hali ile, hakuweza kujizuia. "Hapa Juni ukija na mtoto," alimwambia, "mlete saa tatu, kabla jua halijawa kali. Lile ni Ahadi ya Mchumba. Usimpe mtoto jina hilo."

Rositsa hakucheka. Walipofika kwenye kichaka, akaona maelfu ya nyuzi, miaka na miaka, zimepauka, zote zimefungwa kwa utaratibu. Kwa dakika moja nilidhani amelainika. Halafu akasogea, akashika tawi.

"Hakijachanua," alisema. "Hakina hata ua moja! Unachukua uzi kutoka kwenye mti uliochanua unaufunga kwenye kuni?"

Na alisema kweli, ndivyo ilivyo. Uzi hufungwa kwenye ua. Kwenye tawi tupu si kitu. Miaka mingine plamu zilikuwa zimekwisha chanua Velika akianza kazi, mwaka huu baridi ilizichelewesha.

Mchana ule habari zilizagaa bustani nzima. Jumanne mlozi ulikuwa na walinzi. Bibi Tota alikuja na kiti cha kukunja, blanketi na chupa ya chai, akakaa chini ya shina kana kwamba tramu inaondokea pale. Wacheza sataranji wakahamisha meza. Wakagawana zamu. Velika akipita na toroli, wanakohoa.

Nilikwenda kuwaambia. Velika alinikataza, lakini mimi si mwanajeshi wake. Nikawaonyesha msalaba mweupe, nikawaambia habari ya Ijumaa na msumeno.

"Tazama nani anatufundisha miti," alisema Bibi Tota. "Aliyetuuzia nailoni!"

"Nimetubu, Bibi Tota."

"Lini?"

"Jana."

"Basi rudi mwakani tukuone. Wakija na msumeno watatukuta tumekaa hapa. Nimeshusha walevi elfu kumi kwenye tramu, nitashindwa na mhandisi mmoja?"

Walipiga makofi. Wapumbavu wema, walikuwa wanauua mti kwa mapenzi, na sikuwa na haki ya kuwacheka. Nilimrudia Velika nikamwambia twende wote, aseme yeye, watamsikiliza yeye. Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkasi mapajani, bila kuunoa.

"Niwaambie nini?" aliuliza. "Chagueni, mti wangu au wagonjwa wenu? Yule msichana mtoto wake yuko ndani ya kioo, Pencho. Akiuvua kwa sababu yangu, na kesho mtoto... Hapana. Sina uso wa kumwomba mtu jambo hilo."

"Lakini mti utakatwa!"

"Nimesikia. Sijawa kiziwi."

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Miaka yote anawapangia watu wapite wapi, na siku neno lake linapohitajika, kimya. Jumatano jua likatoka kali, Bibi Marta amecheka hatimaye, na plamu nyuma ya nyumba ya vioo zikachanua zote kwa siku moja, kichaka chote kikawa cheupe. Velika hakwenda hata kuzitazama.

Alhamisi asubuhi Rositsa alikuja mapema kuliko siku zote, na hakutokea nyumbani, alitokea hospitalini. Nywele hazijachanwa. Nikamfuata mpaka bwawani bila kuuliza. Bibi Tota naye alimwona, akasimama na kikombe mkononi.

"Kuna nini, binti yangu?"

Rositsa alisimama chini ya mlozi akitafuta uzi wake kwa macho.

"Wamemkata bendi," alisema. "Ile ya plastiki ya mkononi, yenye jina. Usiku muuguzi aliona inambana, imeacha alama nyekundu hapa." Akajishika kifundo cha mkono. "Nilipoiona alama nikaanza kulia, nikamwambia mmemwumiza. Akanicheka. Akasema, mama, shukuru, amenenepa! Bendi ya pili hii. Mtoto asiyekua ndiye bendi haimbani."

Alipanda kwenye benchi lililobaki zima, akavuta tawi lake, akaanza kufungua fundo. Nailoni ni sugu, akatumia meno. Uzi ulipotoka alipitisha kidole mahali ulipokuwa, na hata sisi wa chini tuliona mstari mwembamba umekwisha anza kujichora juu ya gome.

"Ule pale ni wako, Bibi Tota?" aliuliza bila kugeuka. "Wa bluu nyeupe?"

"Nyekundu nyeupe. Macho yangu bado mazima, ya kwako ndiyo yamejaa machozi." Bibi Tota aliweka kikombe chini. "Ni wa dada yangu, kwa ajili ya magoti. Hayajapona hata hivyo. Nishikie kiti."

Ndivyo ilivyoanza. Kufika saa nne kulikuwa na watu sitini, wenye ngazi za nyumbani, wenye watoto mabegani, na waliokuja kutazama mashua wakajikuta wameshika ndoo. Velika alikuja akisukuma toroli, akasimama, akatazama. Kisha akarudi kuwa Velika yule yule.

"Wewe mwenye kofia! Usivute, fungua! Plamu ziko nyuma ya nyumba ya vioo, msipitie nyasini, piteni kwenye mawaridi. Na mkifunga, kidole kipite, kisipopita nitawafuata majumbani!"

Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sikumbuki kipi kilitangulia.

Saa kumi alasiri Kapinchev alikuja kukagua kabla ya mtaalamu. Mti ulikuwa umebaki na maua yake tu, machache, ya kweli. Aliuzunguka mara mbili. Kisha akanyoosha kidole juu kabisa, upande wa bwawa.

"Ule ni wa nani?"

Tuliinua macho. Kwenye tawi la juu kulikuwa na uzi mmoja. Ulikuwa umezama kwenye gome kiasi kwamba tawi lilikuwa limevimba juu yake na chini yake, na kuanzia pale kwenda juu lilikuwa kavu, jeusi, halina ua. Si uzi wa mwaka huu, wala wa mwaka jana.

"Wa nani jamani?" Bibi Tota alipaza sauti. "Asione haya, aje autoe!"

Nilikuwa nimesimama karibu na Velika. Nilimtazama, na hapo nikaelewa kwa nini hakuweza kuwaomba watu. Uzi ule Stamen, mumewe, aliununua kwangu, mwaka wake wa mwisho. Alichagua unaong'aa kuliko yote, akaniambia Velika atamgombeza. Na huyu mwanamke, aliyevua nyuzi za mji mzima alfajiri miaka na miaka, alikuwa akiupita ule mmoja kila mara, na tawi likifa mbele ya macho yake.

"Pencho," alisema, "shika ngazi."

Nilishika. Alipanda pole pole. Tulisikia mkasi ukikwaruza, mara ya kwanza haukukata, mara ya pili haukukata, mara ya tatu ukakata. Alikaa juu kule muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliposhuka ulikuwa kiganjani mwake, kipande kifupi, chekundu bado, kinang'aa bado.

Kapinchev aliondoka kwenda kutafuta kitambaa cha kufutia ule msalaba. Watu walianza kubeba ndoo za mwisho kuelekea kwenye plamu. Velika hakusogea.

"Lete," alisema Rositsa. "Naenda kufunga wa mwanangu Boyan, nitakufungia."

"Huu hapana." Velika alifumba kiganja. "Huu ni wa mtu ambaye hakupona. Hauwezi kukaa na za walio hai. Utaleta nuksi."

Rositsa alimtazama. Kisha akaanza kumfungua vidole, kimoja kimoja, kwa upole, mpaka uzi ukaonekana.

"Nani alikuambia? Njoo tuufunge kando ya wa mwanangu," alisema. "Yeye bado mdogo. Asikae kule peke yake."